Namna ya Kupima Mzigo wa Kanuni na Kujua Unamwelemea Mjasiriamali Gani

Ukiuliza kama kanuni zinasaidia biashara au zinaiua, utaambulia mabishano tu, kwa sababu swali lenyewe ni pana mno. Kanuni inayomtaka mtengeneza dawa athibitishe kwamba dawa yake haidhuru, na kanuni inayomtaka msafirishaji mpya apate idhini ya wasafirishaji waliomtangulia, zote zinaitwa kanuni, lakini ya kwanza inajenga imani ya mnunuzi na ya pili inalinda mifuko ya watu wachache. Uhuru wa kiuchumi nao si kukosekana kwa serikali. Ni hali ya mtu kumiliki mali bila hofu ya kunyang'anywa, kuingia mkataba na kuutetea mahakamani, kutumia fedha isiyoyeyuka thamani, na kuingia sokoni bila kuomba ruhusa kwa washindani wake. Matatu ya mwanzo hayapatikani bila serikali inayofanya kazi yake sawasawa.

Kwa hiyo swali la kupima ni dogo na kali zaidi: kanuni hii inamgharimu nani, kiasi gani, lini, na ni nani mwenye kalamu ya kuamua? Mwongozo huu ni wa anayetaka kulijibu kwa namba: mchambuzi wa sera, mwandishi wa habari za uchumi, chama cha wafanyabiashara kinachoandaa hoja, au mwekezaji anayelinganisha sekta mbili. Tenga wiki nne hadi sita, jedwali la kompyuta, na wahojiwa wasiopungua 20. Pungufu ya hapo utakuwa na simulizi, si kipimo.

Anza na fahirisi, kisha zifumue

Fahirisi za uhuru wa kiuchumi, yaani vipimo vinavyozipa nchi alama na kuzipanga, ni nyingi, lakini mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya Fraser Institute ya Kanada, inayotolewa tangu 1996, hutoa alama 0 hadi 10 katika maeneo matano: ukubwa wa serikali, mfumo wa sheria na haki za mali, uthabiti wa fedha, uhuru wa kufanya biashara na nchi nyingine, na udhibiti wa mikopo, ajira na biashara. Ya Heritage Foundation ya Marekani ilianza 1995, ina vipengele 12 na alama 0 hadi 100. Kuanzia 80 nchi huhesabiwa kuwa huru, na chini ya 50 uchumi wake huhesabiwa kuwa umekandamizwa. Taasisi zote mbili zinapendelea soko huria, na hazifichi. Hiyo si sababu ya kuzitupa fahirisi zao. Ni sababu ya kusoma kiambatisho cha mbinu kabla ya kusoma orodha ya washindi.

Kosa la kawaida ni kunukuu alama ya jumla. Chukua Denmark: kwenye matumizi ya serikali hupata alama duni, kwa kuwa serikali yake hutoza na kutumia sehemu kubwa ya pato la taifa, lakini kwa jumla hukaa karibu na kilele kwa sababu ya mahakama, haki za mali na urahisi wa kuendesha biashara. Nchi nyingine inaweza kuwa na kodi ndogo na mahakama zisizotabirika, ikapata alama ya wastani inayoficha vyote viwili. Fungua jedwali ghafi, weka kila kipengele kwenye safu yake, na ukubwa wa serikali uutenge kabisa na ubora wa sheria. Kodi inayojulikana mapema mtu huiingiza kwenye hesabu zake za bei. Hakimu asiyetabirika hana mahali pa kuingizwa.

Angalia pia mwaka wa takwimu. Ripoti ya Fraser huchelewa miaka miwili: iliyotoka 2024 ilitumia takwimu za 2022. Ukilinganisha alama hiyo na mageuzi yaliyofanyika mwaka jana, unapima kitu ambacho hakijaingia kwenye mizani.

Halafu kuna somo la ripoti ya Doing Business ya Benki ya Dunia, iliyozipanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara, ikaanza 2003 na kuwa maarufu sana. Serikali zilianza kufanya mageuzi ya kupanda ngazi kwenye orodha badala ya mageuzi ya kumpunguzia mfanyabiashara usumbufu. Agosti 2020 ilisimamishwa baada ya kugundulika kasoro katika takwimu za China, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Azerbaijan, na Septemba 2021 ikafutwa. Mrithi wake, B-READY, alitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2024 akiwa na nchi 50, na hupima mambo matatu kwa kila mada: kanuni zilizoandikwa, huduma za umma zinazoziwezesha kanuni hizo, na utendaji wenyewe. Takwimu za zamani za Doing Business bado zinafaa kwa historia, ila usizitumie kwa nchi hizo nne bila kutaja marekebisho yake.

Chora njia ya biashara moja

Fahirisi zinakupa picha ya juu juu. Picha ya ardhini unaipata kwa kutembea. Mwaka 1983 timu ya mwanauchumi Hernando de Soto ilijaribu kusajili kiwanda kidogo cha kushona nguo pembezoni mwa Lima, Peru, kwa kufuata kila sharti la sheria. Kazi ilichukua siku 289 kwa saa sita kila siku, na gharama ilifikia mara 31 ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi. Nguvu ya jaribio lile ilikuwa kwenye usahili wake: biashara moja, mji mmoja, kila hatua imeandikwa. Mbinu hiyo unaweza kuirudia hivi.

1. Tengeneza biashara ya mfano na usiibadilishe hadi mwisho. Amua idadi ya wafanyakazi (watano ni idadi nzuri), shughuli, ukubwa wa eneo, kama inaagiza bidhaa nje au la. Kila jibu la "inategemea" utakalopewa, lijibu kwa kurudi kwenye mfano huu.

2. Andika kila hatua inayohitaji mtu wa nje ya biashara: saini, muhuri, ukaguzi, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki, tangazo gazetini. Kila ofisi ni hatua. Ofisi ileile ukiirudia mara mbili, hizo ni hatua mbili.

3. Kwa kila hatua jaza safu saba: nyaraka zinazotakiwa, ada rasmi, malipo yasiyo rasmi, saa za kazi zilizotumika, siku za kusubiri, hatua inayotangulia, na nani anayeamua.

4. Chora mishale kati ya hatua zinazotegemeana. Kisha tafuta mnyororo mrefu kuliko yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo ndio muda halisi wa kufungua biashara. Kujumlisha siku zote ni kosa, kwa kuwa baadhi ya hatua huenda sambamba.

Mishale hiyo ndiyo inayofichua mambo. Utakuta, kwa mfano, leseni haitolewi bila mkataba wa pango, maana mkaguzi lazima aone eneo. Hapo mjasiriamali analipa kodi ya pango miezi mitatu kabla ya kuuza chochote, na gharama hiyo haionekani kwenye orodha ya ada popote. Au utakuta mduara: benki inataka cheti cha usajili, na msajili anataka barua ya benki kuthibitisha mtaji. Mduara ukiuona, tia alama nyekundu, kwa sababu huvunjwa ama kwa kujuana ama kwa hongo, na kwenye ramani yako ndipo rushwa itakapokuwa imeweka kambi.

Geuza saa kuwa gharama

Uholanzi ndiyo iliyoeneza hesabu rahisi ya jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000: saa za kutimiza sharti, mara gharama ya saa moja, mara idadi ya biashara zinazohusika, mara idadi ya nyakati kwa mwaka. Tuseme fomu ya takwimu ya kila mwezi inachukua saa 3 na inawahusu wafanyabiashara 4,000. Hiyo ni saa 144,000 kwa mwaka. Mfanyakazi mmoja akifanya kazi saa 1,800 kwa mwaka, fomu moja imekula nguvu ya watu 80. Ukiipeleka namba hiyo kwenye meza ya mazungumzo, hakuna anayeanza kukuhubiria umuhimu wa takwimu za taifa. Wanauliza kama fomu inaweza kuwa ya robo mwaka.

Lakini jumla ya taifa haioneshi nani anaumia. Gharama nyingi za kutii kanuni hazikui pamoja na biashara. Chukua saa 40 kwa mwezi za makaratasi. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake saa 200 kwa mwezi, ni asilimia 20 ya nguvu yake yote. Kwa kampuni ya watu 50 wanaofanya saa 10,000, ni asilimia 0.4. Kanuni ileile, maandishi yaleyale, lakini mmoja amebeba mzigo mara 50 ya mwenzake. Kwa hiyo fanya hesabu kwa makundi: mtu mmoja, watu 5, watu 20, watu 100. Chora asilimia ya kila kundi; mstari ukishuka kwa kasi kadiri kampuni inavyokuwa kubwa, umepata sababu moja kwa nini kampuni kubwa mara nyingi hazipingi kanuni nzito: zinazilipia kwa senti wakati mshindani mdogo anazilipia kwa mkono mzima.

Usisahau gharama ya kusubiri. Mashine iliyonunuliwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikikaa siku 90 ikingoja kibali, imekula karibu asilimia 4.4 ya mkopo kabla ya kuzalisha kitu. Wataalamu wengi huhesabu ada na kuisahau riba, ilhali riba inaweza kuwa kubwa zaidi.

Sheria ya kitabuni na sheria ya mlangoni

Ramani uliyochora imetokana na sheria na maelezo ya ofisi. Sasa waulize waliopita humo ndani ya miezi 12 iliyopita. Zaidi ya hapo kumbukumbu hupungua. Usiulize "inachukua siku ngapi?" Swali hilo linaleta jibu la kitabuni. Uliza "uliwasilisha tarehe ngapi, ukapokea tarehe ngapi?" Kuhusu malipo yasiyo rasmi, usimuulize mtu kama amehonga. Muulize biashara kama yake kwa kawaida hulazimika kutoa kiasi gani ili mambo yaende. Hivyo ndivyo hata tafiti za Benki ya Dunia kwa kampuni zinavyouliza, na sababu ni ya wazi.

Majibu yakija, usikimbilie wastani. Yapange kutoka dogo hadi kubwa, chukua la katikati, kisha tazama asilimia kumi ya chini na asilimia kumi ya juu. Wanauchumi Mary Hallward-Driemeier na Lant Pritchett walipolinganisha siku zilizotajwa na sheria na siku zilizoripotiwa na kampuni zenyewe, walikuta uhusiano hafifu, na tofauti kati ya kampuni na kampuni ndani ya nchi moja ni kubwa mno. Wengine hupita kwa siku chache pale ambapo sheria inasema miezi, wengine husota. Pengo hilo ndilo kipimo bora ulichonacho. Likiwa dogo, kuna kanuni, nzuri au mbaya. Likiwa kubwa, hakuna kanuni bali makubaliano ya mtu na mtu, na mjasiriamali asiye na mjomba ofisini hawezi kupanga chochote. Sheria kali inayotekelezwa sawa kwa wote huweza kuvumilika kuliko sheria laini ambayo utekelezaji wake ni bahati nasibu.

Tazama vizingiti

Ufaransa, kampuni ikifika wafanyakazi 50, masharti mengi huongezeka kwa mpigo mmoja. Ukichora idadi ya kampuni kwa ukubwa wake, unaona mlima kwenye 49 na bonde baada yake. Luis Garicano, Claire Lelarge na John Van Reenen waliandika kuhusu jambo hili mwaka 2016. Hizo ni kampuni zilizokataa kukua. Wewe pia fanya hivyo: pata takwimu za kampuni kwa idadi ya wafanyakazi au kwa mauzo, chora nguzo, na tafuta pale zinaporundikana chini kidogo ya mpaka wa kisheria. Kizingiti cha kodi ya ongezeko la thamani nacho huacha rundo la aina hiyo. Tahadhari moja: watu hupenda namba za mviringo, hivyo rundo kwenye 10 au 100 kamili huenda ni uvivu wa kujaza fomu. Rundo la kweli hukaa chini ya mpaka, na mpaka ukihamishwa nalo huhama.

Mtaji wa chini unaolazimishwa na sheria ni ukuta mwingine. Ujerumani inataka euro 25,000 kwa kampuni ya kawaida yenye dhima ya ukomo. Mwaka 2008 iliruhusu aina nyingine inayoanza na euro 1. Ufaransa iliondoa sharti lake 2003. Hoja ya zamani ni kwamba mtaji huo unamlinda mkopeshaji, lakini fedha zinaweza kutumika siku inayofuata usajili, hivyo ulinzi ni wa jina.

Kuta za kutokea nazo zipime, kwa maana mtu huamua kuingia akijua atatokaje. Mjasiriamali aliyefilisika anaandamwa na madeni kwa muda gani? England na Wales zilipunguza kipindi hicho kutoka miaka mitatu ya kawaida hadi mwaka mmoja, kwa sheria ya 2002 iliyoanza kutumika 2004. Na mfanyakazi anaruhusiwa kuondoka na kuanzisha kampuni inayoshindana na mwajiri wake? Sheria ya California, yenye mizizi ya 1872, inakataa mikataba ya kumfunga asishindane, na wachambuzi wengi huitaja wanapoeleza kwa nini kampuni za teknolojia za Silicon Valley zilizaana kwa kasi ile. Angalia pia kwamba hapo ni sheria inayozuia mkataba, na matokeo yake ni uhuru zaidi wa kuanzisha biashara. Anayedhani kila kanuni ni tozo na kila ufutaji ni uhuru atalikosa hili.

Panga kila kanuni kwa kazi inayofanya

Sasa una orodha ya masharti, labda 30 au 60. Kwa kila moja jiulize linamkinga nani dhidi ya nini, na kama madhara hayo yanaweza kurekebishwa baadaye. Madhara yasiyorekebishika, kama mtoto aliyezaliwa na ulemavu kwa sababu ya thalidomide, dawa aliyotumia mama yake akiwa mjamzito, yanadai ukaguzi kabla ya bidhaa kuingia sokoni. Marekani iliimarisha masharti ya dawa mwaka 1962 kutokana na janga hilo. Madhara madogo yanayofidika hayahitaji leseni. Yanahitaji tamko la mwenye biashara, ukaguzi wa kushtukiza na faini inayouma. Sehemu kubwa ya uzito usio wa lazima huja kwa kutumia leseni mahali ambapo tamko lingetosha.

Kisha uliza nani anafaidika na uhaba. Mwanauchumi George Stigler aliandika mwaka 1971 kwamba sekta yenyewe mara nyingi huitafuta kanuni na kuiunda kwa manufaa yake. Dalili zake: bodi ya leseni imejaa walio tayari sokoni, idadi ya leseni ina kikomo, leseni inauzwa au kukodishwa kwa bei kubwa kuliko ada yake. Hiyo ya mwisho ni kipimo kamili, kwa sababu bei ya leseni mitaani ni thamani ya ukiritimba iliyowekwa kwenye namba. Anne Krueger alifanya hesabu ya namna hiyo mwaka 1974 kwa leseni za kuagiza bidhaa: kwa Uturuki ya 1968, faida ya kuzishika ilikuwa karibu asilimia 15 ya pato la taifa. Akili na mtaji wa watu hodari vilikwenda kuwania karatasi. William Baumol baadaye alilisema kwa upana zaidi, kwamba wajasiriamali wapo kila mahali, ila kanuni za mchezo ndizo zinazowaelekeza kwenye uzalishaji au kwenye uporaji.

Je, uzito wa masharti ya kuingia sokoni unanunua ubora? Utafiti wa Simeon Djankov na wenzake uliochapishwa 2002, wenye nchi 85, ulikuta kwamba masharti mazito huambatana na rushwa zaidi na sekta isiyo rasmi kubwa zaidi, bila ubora wa bidhaa kuwa bora.

Wajasiriamali gani unahesabu?

Hapa wengi huteleza. Nchi maskini mara nyingi huwa na sehemu kubwa zaidi ya watu walioanzisha biashara kuliko nchi tajiri, kwa sababu hakuna ajira. Utafiti wa kimataifa unaofuatilia ujasiriamali tangu 1999, ulioanzishwa na Babson College na London Business School, uliwatenganisha mapema wanaoanzisha kwa kukosa njia nyingine na wanaoanzisha kwa kuona fursa. Ukichanganya makundi hayo mawili, unaweza kuhitimisha kwamba urasimu unachochea ujasiriamali.

Tumia vipimo vitatu pamoja: kampuni mpya zenye dhima ya ukomo kwa kila watu 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 64, sehemu ya kampuni zilizo hai baada ya miaka mitano, na sehemu ya zilizohai ambazo zimeongeza wafanyakazi. Cha kwanza peke yake hudanganyika. Usajili ukiwa bure na wa dakika chache, daftari hujaa makampuni hewa.

Na usitarajie kupunguza ada kutawatoa watu kwenye sekta isiyo rasmi. Sri Lanka, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwaeleza wenye biashara ndogo jinsi ya kusajili na kuwarudishia gharama za usajili, hakuna kilichobadilika. Walipowapa fedha zinazolingana na nusu hadi mwezi mmoja wa faida, karibu mmoja kati ya watano alisajili. Walipofikisha miezi miwili, karibu nusu. Watu hawa hawakuwa wamezuiwa mlangoni. Walikuwa hawaoni cha kufuata ndani. Mexico nako, mfumo wa kufungua biashara haraka ulioanza 2002 uliongeza biashara zilizosajiliwa kwa takriban asilimia 5, lakini kwa mujibu wa utafiti wa Miriam Bruhn, waliofungua walikuwa hasa watu waliokuwa wameajiriwa, si wachuuzi waliojirasimisha. Bei zilishuka kidogo na kipato cha waliokuwepo sokoni kikapungua. Ukiona wenye biashara wakubwa wanalalamikia mageuzi, huenda ni dalili kwamba yanafanya kazi.

Kufikia ukuaji

Kuunganisha kanuni na ukuaji wa uchumi ndiyo sehemu yenye makosa mengi, basi iendee polepole. Kwanza, linganisha mabadiliko na mabadiliko, si ngazi na ngazi. Nchi tajiri zina alama za juu na nyingi hukua polepole. Nchi iliyoanza chini inaweza kukua kwa asilimia 7 kwa kuiga tu teknolojia iliyopo. Ukichora alama dhidi ya kasi ya ukuaji bila kuweka kipato cha mwanzo kwenye hesabu, utapata mchoro usiosema kitu.

Pili, kumbuka tofauti ndogo hulimbikizana. Gawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji upate miaka ya kipato kuongezeka maradufu: asilimia 2 ni miaka 35, asilimia 3 ni karibu 23. Mageuzi yanayoongeza nusu asilimia hayataonekana kwenye takwimu za mwaka ujao, yatamezwa na mvua, bei za mafuta na riba. Subiri miaka mitano, au tafuta mahali mageuzi yalipoingia kwa zamu, wilaya hii leo na ile mwakani, ulinganishe.

Tatu, kanuni hufanya kazi kwa vikundi. India iliweka mfumo wa leseni za viwanda kwa sheria ya 1951 na kuuvunja kwa sehemu miaka ya 1980, kisha kwa sehemu kubwa mwaka 1991. Philippe Aghion na wenzake walionesha mwaka 2008 kwamba viwanda vilivyofunguliwa vilikua zaidi katika majimbo ambayo sheria zake za kazi ziliwaelemea waajiri kwa uchache. Leseni iliondolewa kote. Matokeo yalitegemea mlango wa pili. Ndiyo maana ule mnyororo mrefu uliouchora mwanzoni una thamani: kulegeza hatua isiyo kwenye mnyororo hakuongezi chochote.

Ukiwa upande wa kurekebisha

Hesabu wajibu, si sheria wala kurasa. Jimbo la British Columbia, Kanada, mwaka 2001 lilihesabu kila mahali sheria inapomtaka mtu afanye jambo, likajiwekea lengo la kupunguza theluthi moja ndani ya miaka mitatu, na likavuka lengo. Korea Kusini mwaka 1998 ilipitia kanuni zaidi ya 11,000 na kufuta karibu nusu katika muda usiozidi mwaka, kwa utaratibu uliozitaka wizara zitetee kila kanuni au ianguke. Mzigo wa ushahidi ukiwa kwa anayetaka kuibakiza, orodha hupungua. Ukiwa kwa anayetaka kuifuta, tume hukaa miaka.

Dirisha moja la huduma hushindwa kwa sababu moja inayojirudia: wafanyakazi wake wanapokea tu nyaraka na kuzituma wizarani, hivyo limekuwa dirisha la ziada. Kabla ya kulijenga, hakikisha aliyekaa pale ana mamlaka ya kusaini. Ongeza kipengele cha ukimya: siku zikipita bila jibu, kibali kimetolewa. Lakini kitumie kwa hatari ndogo tu. Kwenye usalama wa majengo ukimya ni bomu.

Kwa bidhaa ambayo sheria haikuiwaza, kuchelewesha sheria kunaweza kuwa busara. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 kwa barua ya Benki Kuu ya kutokuwa na pingamizi, huku msimamizi akiifuatilia kwa karibu. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011. Uingereza ililiwekea jambo hilo utaratibu rasmi mwaka 2016 kwa kampuni za fedha: kampuni inajaribu kwa wateja wachache, kwa muda maalumu, chini ya macho ya mdhibiti. Linalohitajika ni mdhibiti mwenye watu wanaoelewa teknolojia, jambo ambalo waraka wa sera hauwezi kuliumba.

Baada ya miezi 12 rudia kila kitu kwa biashara ileile ya mfano, watano, eneo lilelile. Ukikuta usajili umeshuka kutoka siku 30 hadi 2 lakini jumla ya mnyororo haijasogea, foleni haijafutwa. Imehamia ofisi inayofuata, mara nyingi umeme, ardhi au ukaguzi wa zimamoto. Mishale yako itakuonesha ni ipi.